Mama Mkwe Ndani ya Stoo ya Mahindi

Alikuwa kuku.

Najua mmebishana wiki nzima. Kuna aliyenipigia simu kutoka Mfaranyaki akaapa kwamba ile sauti ngeni iliyotoka kwenye spika za Remmy ilikuwa ya jini. Mwingine akaniandikia kuwa ni mizimu ya nyumba. Poleni nyote. Alikuwa kuku mwekundu wa Shangazi Skolastika, yule anayetagia juu ya magunia.

Na wewe uliyelikuta gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, sogea nikueleze upesi, maana mhariri ananipimia nafasi kama sukari. Remmy ni kijana wa Lizaboni, hapa hapa Songea, aliyeigeuza nyumba ya shangazi yake kuwa studio ya muziki. Kompyuta iko sebuleni. Kutoka hapo nyaya za mtandao zinatambaa ukutani hadi kila chumba, na kila chumba kina maikrofoni zake na hedifoni zake, ili watu waimbe wametengana huku wanasikilizana. Shangazi kajikwaa kwenye nyaya hizo mpaka kazipa majina ya wakwe zake.

Leo kwaya ya kigango imekuja kurekodi wimbo wa yubilei. Sauti ya kwanza na sauti ya pili wamebanana chumbani kwa shangazi. Sauti ya tatu wako jikoni wanavumilia harufu ya dagaa wa usipa. Ila kiongozi wa sauti ya pili, Mama Getruda, amepewa stoo ya mahindi peke yake, kama waziri.

Kwa nini peke yake? Kwa sababu Mama Getruda ndiye mama yake Careen, na Careen ndiye binti anayemnyima Remmy usingizi. Sasa wewe niambie, kijana mwenye adabu atabananaje na mama mkwe mtarajiwa kwenye chumba kidogo, amsogezee maikrofoni mdomoni? Remmy hata macho hamtazami. Akimwamkia shikamoo, anaiambia sakafu. Kwa hiyo alimpa heshima zake zote: stoo yake, kiti chenye mto, maikrofoni mpya kuliko zote, na ukuta wa magunia unaomeza mwangwi wote. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Angewachanganya wote mbele ya maikrofoni moja, asingejua kitu mpaka kufa kwake. Sasa alikuwa ameinamia kompyuta, mistari ya sauti imejipanga mbele yake, na ya wengine yote ilikuwa na milima na mabonde kama njia ya kwenda Mbinga. Mstari wa Mama Getruda ulikuwa umenyooka.

Kwanza aliushuku waya. Akauchomoa, akauchomeka mwingine, akarudia kusikiliza. Akaishuku maikrofoni. Lakini maikrofoni ilikuwa nzima kabisa, tena ilikuwa inasikia mno. Ilimsikia kuku akijisifu kwa yai lake. Ilizisikia bangili za Mama Getruda kila alipogeuza ukurasa. Ilimsikia akivuta pumzi palepale inapotakiwa kuvutwa, tena pumzi ya mwimbaji haswa, na baada ya pumzi haikufuata sauti. Katika ubeti wa tatu alisikika akimeza mate.

Jasho likamtoka Remmy. Akaelewa jambo ambalo kigango kizima hakikulijua. Mama Getruda, mwenye sare iliyopigwa pasi kuliko wote, mwenye kufumba macho kwa uchungu kwenye kiitikio hadi watu wakatokwa machozi, alikuwa haimbi. Alikuwa anafungua mdomo tu.

Ingekuwa ni mama mwingine, Remmy angecheka mpaka akae chini. Lakini huyu ndiye aliyesimama mbele ya kwaya nzima, Jumapili iliyopita, akatoa masharti ya posa. "Nikiisikia sauti yangu imetoka vizuri kwenye mashine yako, wazee wako waje Jumamosi," alisema. "Isipotoka, wasisumbuke kupanda pikipiki." Wakati huo alidhani wataimba wote kwa pamoja, wamezunguka maikrofoni moja, na sauti yoyote itakayotoka ataigawa apendavyo.

Remmy alikuwa bado anajifuta jasho pale Mwalimu Athanasi alipoingia. Huyu ni mwalimu wa kwaya, mstaafu, anayeongoza nyimbo kwa kalamu ya bluu, na akikasirika wino huwarukia walio mstari wa mbele. Akamwambia Remmy kuwa watu wako uani wanapata chai, wakirudi anataka kusikia rekodi ya kiongozi wa kila sauti peke yake. Lidwina wa sauti ya kwanza, Saimon wa sauti ya tatu, na Mama Getruda wa pili. Mmoja mmoja, wote wakisikiliza.

"Wa pili tumwache, Mwalimu," Remmy akasema. "Mashine imepata moto."

"Ipoe wakati tunakunywa chai. Kwanza wa pili ndiye ninayemsubiri."

Akatoka. Remmy akabaki ameishika kompyuta kama mtu anayeaga maiti. Akianika ule ukimya mbele ya kwaya, mama wa watu ataaibika na Careen ndiyo basi tena. Akiufuta, hakuna sauti, na masharti ni masharti.

Basi akafanya alichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Akaenda nyuma ya jiko kumtafuta Careen, aliyekuwa anamenya mihogo ya chai, akamnong'oneza yote. Careen akacheka kwanza, tena cheko la kuangusha kisu. Halafu akaanza kuunganisha mambo.

"Nyumbani hata akiosha vyombo haimbi," alisema taratibu. "Mimi nilidhani anaitunza sauti kwa ajili ya kanisani."

Remmy akamuuliza kama anaijua sauti ya pili. Careen alikua akisinzia kwenye benchi la mazoezi ya kwaya, nyimbo zote anazo kichwani, za sauti zote, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. Ndipo shauri likapatikana, na mimi mwandishi wenu nilipolisikia nilishika kichwa, lakini vijana hawakuniuliza. Careen angeingia stoo watu wakiwa kwenye chai, aimbe sehemu ya mama yake toka mwanzo mpaka mwisho, kisha atoke kimyakimya. Mwalimu akitaka kumsikia wa pili, atamsikia wa pili.

Ikawa hivyo. Uani kikombe kiligongana na kikombe, Mama Getruda akamwaga sifa kwa mihogo, na ndani ya stoo binti yake akaimba. Remmy, hedifoni masikioni, alisahau kuwa anafanya udanganyifu. Mistari ikainuka na kushuka vizuri, na kijana wa watu akatabasamu peke yake sebuleni kama aliyeonjeshwa asali. Hapo alijua kabisa kwamba huyu asipomwoa ataharibikiwa.

Kutabasamu huko ndiko kulikomchelewesha. Alipokuja kushtuka, watu walikuwa wameshaanza kurudi, na Mwalimu Athanasi akavuta kiti akakiweka katikati ya sebule, uso wake umeelekea mlango wa stoo. Careen akawa amefungiwa kule ndani bila ufunguo. Remmy aliona mlango unafunguka upana wa kidole, jicho likachungulia, kisha mlango ukajirudia pole pole.

Wakamsikiliza Lidwina, akasifiwa. Wakamsikiliza Saimon, akaambiwa apunguze kuvuta maneno kama anavuta ng'ombe. Halafu Mwalimu akainua kalamu.

"Mama Getruda."

Mama Getruda alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alipojua kuwa ni zamu yake kusikilizwa peke yake, alikishusha kikombe mapajani. Akasema kichwa kinamuuma. Akasema labda awahi nyumbani. Mwalimu akamwambia akae, wimbo wenyewe mfupi. Remmy akabonyeza.

Sauti ya Careen ikaijaza sebule. Shangazi Skolastika aliyekuwa anapita na birika akasimama. Lidwina, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu apate kipaimara, akaguna kwa kuridhika. Ulipofika ubeti wa tatu Mwalimu Athanasi akavua miwani akaifuta kwa tai yake. Wimbo ukaisha, na wanakwaya wakapiga makofi wote, wamemgeukia mama mmoja tu kwenye chumba kile ambaye alijua kuwa hakuimba.

Mama Getruda alizitazama spika. Akamtazama Remmy, naye Remmy akaitazama sakafu kama kawaida yake. Nikamhurumia mama yule, wallahi, maana ningekuwa mimi ningekimbia. Yeye akaweka kikombe chini, akajinyoosha, akarekebisha kilemba.

"Na hapo nilikuwa na mafua," alisema.

Akaongeza kwamba mashine ya kijana huyu ni nzuri, na wazee wake waje Jumamosi, wasichelewe.

Remmy nusura adondoke kwenye kiti. Ukitaka kumwona mtu aliyefika mbinguni na viatu, ungemwona pale. Ningekuwa mwandishi mwema ningeishia hapa, watu waoane, tukale pilau. Lakini Mwalimu Athanasi alikuwa hajamaliza.

Alisimama akaanza lile lalamiko lake linalojulikana kigango kizima. Kwamba wimbo una kichwa na mabega lakini hauna miguu, kwa sababu sauti ya nne haina mtu. Tangu Mzee Rupert ahamie Nalasi kwa mwanawe kwenye mikorosho, kwaya haina besi. Yeye Mwalimu ametafuta besi Songea nzima, kaenda Maposeni, kaenda Peramiho, kasikiliza wanaume wenye vifua vipana wanaoimba kama vifaranga. Bila besi, alisema, hawezi kuupeleka wimbo huo kwenye yubilei, na kurekodi kwa leo itakuwa kazi bure.

"Kwa hiyo nimeamua," akasema. "Kama miguu hatuna, tuweke uso. Ubeti wa tatu ataimba Mama Getruda peke yake. Sasa hivi, hapa hapa, amesimama, tumwone."

Makofi tena. Sura ya Mama Getruda ikabadilika rangi. Alisimama polepole, akapangusa sketi iliyokuwa safi, akatafuta pa kutokea, na hakupaona. Ndipo alipofanya jambo ambalo Lizaboni itasimulia mpaka mahindi ya mwakani yavunwe.

Alimwendea Remmy, akamshika shati begani. Akasema kabla ya kuimba anataka fundi akamrekebishie maikrofoni yake, ile ya stoo, aliyoizoea. Akamvuta. Mkwe akamvuta mkwe, mbele za watu, wakaingia stoo wawili, na komeo likasikika likifungwa kwa ndani.

Birika la Shangazi Skolastika likapiga sakafu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu mwingine ameona alichoona yeye. Lidwina akapiga ishara ya msalaba. Saimon akajongea mlangoni, akajifanya anasoma kalenda.

Ndani ya stoo Remmy alikuwa amejibandika ukutani mbali na mama mkwe kadiri magunia yalivyoruhusu. Macho ameyaweka kwenye kuku. Alijua Careen yuko nyuma ya magunia, hatua mbili tu, na aliomba kimoyomoyo asipumue.

"Nani aliyeimba?" Mama Getruda akanong'ona.

"Ni wewe, mama."

"Mimi sijaimba kanisani tangu Careen hajazaliwa. Usinifanye mtoto."

Basi ikatoka habari yote, kwa minong'ono. Kumbe alipojiunga na kwaya, akiwa ameolewa majuzi tu, siku ya kwanza ya mazoezi alifungua mdomo kwa furaha zote akaimba. Watu wakageuka. Wengine wakacheka. Mwalimu Athanasi, wakati huo ana nywele, alimfuata pembeni akamwambia kwa upole kwamba kwa leo afungue mdomo tu, wageni wasije wakashtuka. Naye akafungua mdomo tu. Jumapili iliyofuata akasubiri aambiwe aanze kuimba. Hakuambiwa. Akasubiri nyingine. Mwalimu alishasahau, wenzake walishamzoea, na kwa jinsi alivyokuwa anafumba macho vizuri, wakampa uongozi wa sauti.

"Miaka yote hii nasubiri aniambie anza," alisema.

Remmy hakucheka. Alisahau hata sheria ya macho, akamtazama mama yule usoni kwa mara ya kwanza, akaona ameumia kweli, kama mtu aliyealikwa sherehe akaachwa amekaa mlangoni. Kumwambia ukweli wote hapo hapo ilikuwa sawa na kumuuza Careen, aliyejikunja nyuma ya magunia. Akadanganya haraka, na uongo wake ukawa mbaya kuliko ukweli.

"Ni mashine, mama. Hizi za kisasa zikikuta pengo zinajazia zenyewe."

Mama Getruda akaitazama maikrofoni. Uchungu ukamtoka usoni, ikaingia hasira.

"Kwa hiyo hilo bati lako linaimba kuliko mimi?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Wale watu wamelipigia makofi bati."

"Mama, tafadhali."

"Basi na lenyewe linisikie."

Akainyanyua maikrofoni, akabonyeza kile kitufe cha kuiwashia kama alivyoelekezwa asubuhi, akavuta ile pumzi yake ya kimwimbaji. Na safari hii baada ya pumzi ikafuata sauti.

Ndugu msomaji, mimi sauti hiyo sijui niiandikeje. Ilianzia chini, chini kuliko alipokuwa anafika Mzee Rupert enzi zake, ikatoka nzito, pana na safi, ikapita kwenye magunia hadi punje zikatikisika ndani. Kuku akaruka kutoka kwenye kiota akaacha yai lake. Vumbi la mahindi likanyanyuka. Remmy akahisi besi ile miguuni, kwenye soli za viatu, na akaelewa kwa nini siku ile watu waligeuka. Si kwamba mama alikuwa hajui kuimba. Walimpanga na wanawake, na sauti yake haikuwa ya huko.

Aliumaliza ubeti wote, macho wazi kabisa. Akaizima maikrofoni, akakaa kwenye kiti chenye mto, anahema.

Lakini waya ulishafanya kazi yake. Kila neno lilikuwa limeshafika sebuleni, limetoka kwenye spika mbili kubwa, limewakuta wanakwaya wote wameduwaa. Halafu kikasikika kiti kikianguka na miguu ya Mwalimu Athanasi ikija mbio.

"Fungua," akapiga mlango. "Remmy, humo ndani kuna mwanaume. Mtoe."

Sauti ya Shangazi Skolastika ikasikika ikimjibu kuwa humo wameingia Remmy na Mama Getruda tu, na Remmy anamjua tangu anaoga kwenye beseni, hana sauti hiyo. Lidwina akasema basi kuna wa tatu, na akauliza kwa nini Mama Getruda afungiwe chumbani na wanaume wawili. Minong'ono ikasambaa. Remmy aliona Jumamosi yake inayeyuka, na pikipiki za wazee zikigeukia njiani.

Mwalimu hakuwajali. Alikuwa amelaza paji la uso mlangoni, na alipozungumza tena ilikuwa kwa upole, karibu kulia.

"Ndugu yangu uliyemo humo, yeyote utakayekuwa, sitakuuliza umeingiaje. Sauti yako nimeitafuta miaka yote. Toka nje, uanze kuimba."

Mama Getruda aliyasikia. Machozi yakamtoka yote kwa pamoja, akayaacha yatiririke. Akamvuta Remmy kwa lile shati lililokwishakunjamana.

"Mwambie arudie," akanong'ona. "Hilo la mwisho."

"Mwalimu," Remmy akaita, "umesemaje hapo mwisho?"

"Nimesema aanze kuimba."

Mama Getruda akafumba macho, lakini safari hii hakuwa anaigiza. Akasimama. Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akaweka mkono kwenye komeo, na Remmy akapiga hesabu ya kichwani kwa kasi. Mama akitoka na kusema besi ni yake, watauliza ile sauti ya pili waliyoipigia makofi ni ya nani. Na mama mwenyewe, anayeamini ni ya bati, atauliza wa kwanza.

Komeo likaanza kuteleza. Vumbi la mahindi lililonyanyuliwa na besi lilikuwa sasa linashuka taratibu nyuma ya magunia, kwenye pua ya mtu aliyejikaza mpaka mwisho wa uwezo wake.

Ikatoka chafya moja, ndogo, yenye mkia.

Mama Getruda aliijua chafya hiyo tangu ikiwa imefungwa kwenye khanga mgongoni mwake. Mkono wake ukatoka kwenye komeo, ukayaelekea magunia.